Saba Mbili Mbele ya Saba ya Olive

Jumapili, 3 Machi 2024

Tangazo rasmi kwa taifa zima: leo Modeste, mwalimu wa jiografia, miaka hamsini na moja, amejipikia sombe, majani ya muhogo. Marehemu ni mmoja tu — sufuria. Bendera isishushwe.

Bibi yangu wa ndoa, Olive, angecheka. Lakini Olive yuko kwa kaka yake Déogratias tangu Noeli. Aliondoka bila kelele. Alisema tu kwamba kila akiniuliza jambo la maana, namjibu kwa mzaha.

Bado tunaonana kila Jumapili baada ya misa, kwa meza ya Déo, tukicheza vingt-et-un, karata za ishirini na moja. Tunachezea maharagwe — sisi ni Wakristo! Leo Olive aliniambia bonjour. Nimerudi nayo nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Jumatano, 6 Machi

Déo amenipigia simu. Olive amepata kazi Kinshasa, kwa shirika moja, ONG. Miaka miwili. Ndege ni Jumatatu asubuhi.

Sikula.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepata njia. Ya kijinga — lakini ni yangu.

Kwa meza ya Déo kuna sheria ambayo sijaisikia kwingine. Ukipata saba tatu, na banki, yule anayetoa karata, naye ameonyesha saba, hulipwi maharagwe. Unamwomba banki kitu kimoja, naye hakatai. Mwaka jana Mapendo, binti ya Déo, alimwomba baba yake anyoe sharubu. Akanyoa! Juma zima vijana wa avenue walimsalimia “bonjour maman”.

Sharti moja: usigawe. Mahali pengine saba mbili unazitenganisha, maana pamoja ni kumi na nne, hesabu mbaya: haitoshi kushinda, na ukiongeza karata unaweza kupita ishirini na moja. Ukizigawa unacheza mikono miwili, kila mmoja na bahati yake. Ila kwetu, ukigawa, zawadi imekufa. Kwa hiyo mbele ya saba ya banki hata mtoto anaziacha pamoja, anaomba ya tatu.

Kesho Olive ndiye banki. Nitamwomba arudi nyumbani. Karata zikubali tu!

Jumapili, 10 Machi

Naandika chooni kwa Déo, nyuma ya karatasi ya matangazo ya parokia. Mvua inapiga bati. Olive yuko barazani na valize yake, anangoja taxi. Leo analala kule Miti kwa shangazi yake, karibu na uwanja wa ndege.

Karata zilikuja. Olive alifunua yake: saba. Mimi: saba, saba.

Mapendo akaruka: “Tonton, usiguse! Omba ingine!”

“Shemeji,” Déo akasema, “hii ni Mungu mwenyewe iko anatoa karata leo.”

Olive alinitazama tu, mkono juu ya karata.

Nikasema: nagawa.

Makelele! Déo akashika kichwa. Karata iliyofuata — saba. Ya tatu. Nikalipwa maharagwe.

Wengine walipokwenda kula, Olive alinikuta kwenye mlango wa jiko.

“Ulikuwa unataka kuomba nini?”

“Uninyoe sharubu,” nikamjibu.

Kidogo acheke. Kisha akasema, polepole: “Mimi nilikuwa naombea ile saba, Modeste.” Akaenda kuchukua valize.

Déo na Mapendo nimewaambia niligawa kwa heshima — bibi hashindaniwi kwa karata kama sahani ya maharagwe. Jibu hilo wamelikubali. Hata mimi lilinipendeza, dakika moja hivi.

Si kweli. Niliogopa. Si kwamba angekataa. Sheria haimpi nafasi ya kukataa. Niliogopa angekubali. Angerudi, angeweka valize chumbani, tungekaa wawili mezani, angeniuliza kile alichoniuliza kabla ya Noeli — kama bado ninamtaka, au nimemzoea tu. Na mimi ningefungua mdomo na kutoa mzaha. Ninamtaka. Nimeliandika hapa, mara ya kwanza, kwa kalamu ya bic, chooni.

Mvua inapungua. Mapendo anagonga: “Tonton, uko unafanya nini humo? Taxi imefika! Tantine Olive anaaga watu!”

Nimesema nakuja. Mkono mmoja uko kwa kitasa, mwingine bado unaandika