Makofi Yako Kabla ya Kurekodi

Shangazi,

Kiti chako bado kiko palepale, kati ya kabati na dirisha, na blanketi la kuzuia mwangwi bado limetundikwa ukutani. Mama anataka kulifua. Nimemwomba aniachie kwanza.

Unakumbuka tulivyoanza podikasti yetu? Nilinunua vipaza sauti viwili vinavyofanana, kompyuta ikakitambua kimoja tu. Nilikaribia kulia. Wewe ndiyo kwanza umerudi kutoka mwaloni Kibirizi, harufu ya dagaa kwenye kanga, ukauliza, "Kwani simu yangu imekufa?"

Basi changu kikabaki kwenye kompyuta, chako tukakichomeka kwenye simu. Nikakueleza kwamba rekodi zitakuwa mbili, hivyo mwanzoni lazima tupige kofi moja. Kwenye skrini kofi linachomoza kama mwiba. Nikiweka mwiba juu ya mwiba, maneno yetu yanakwenda pamoja.

"Kofi moja? Unamsalimia nani kwa kofi moja, umegombana naye?"

Ukapiga kama Waha wanavyosalimiana, makofi mengi ya taratibu, ukisalimu mwakeye, mwakeye, umeinama mbele ya kipaza sauti kana kwamba ni mkweo. Tangu siku hiyo kila kipindi kilianza hivyo.

Mara ya mwisho hukupiga. Ulikuwa umeegemea mto. "Leo tuanze tu, mwanangu, mikono imechoka." Sikukulazimisha.

Ashura wako hakukuwahi. Basi kutoka Mwanza lilimfikisha hapa Gungu tumeshakuzika. Aliniomba kitu kimoja: "Dada, nipe yale mazungumzo ya mwisho. Nataka kumsikia mama akicheka."

Nikafungua rekodi mbili, nikakosa pa kuzishikanisha. Unacheka kabla sijasema la kuchekesha. Nakuuliza habari za ujana wako, unanijibu habari za dagaa kulowa mvua. Kila nilipobahatisha ulizidi kuwa mtu asiyenisikiliza, na hilo nilishindwa kulivumilia, maana hakuna aliyenisikiliza kama wewe. Nikamwambia Ashura asubiri.

"Nisubiri nini zaidi, Dada?"

Jana nikaizima rekodi yangu kabisa, nikavaa spika za masikioni, nikakusikiliza peke yako. Ulikuwa kimya. Unapumua. Na nyuma ya pumzi zako, kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha pili, nikajisikia mimi. Nauliza swali. Kisha wewe: "Ehee."

Ile sauti yangu niliyohangaika kuizuia kwa blanketi ilikuwa imevuja hadi kwenye kipaza sauti chako. Nikashika neno langu moja mle ndani, nikalilaza juu ya neno lilelile kwenye rekodi yangu. Ukanijibu. Shangazi, ukanijibu wakati uleule niliokuuliza.

Ashura amesikiliza akiwa kwenye kiti chako. Ulipocheka naye akacheka, halafu akajifunika uso kwa kanga yako. Sikukata chochote, hata kikohozi, hata yule jogoo wa jirani uliyemtishia kisu.

Jumamosi tunarekodi tena, Ashura atajaribu kukaa upande wako, na simu ni ileile yako. Ana haraka za mjini, lakini usihofu. Katika chumba hiki hakuna atakayefungua kinywa kabla ya salamu kamili, makofi yote, taratibu, na mimi ndiye nitakayeinama kwanza.

Lala salama, Shangazi.

Mwana wa kaka yako,
Rehema