Ukuta wa Choo

Jumapili, 1 Februari 2026

Wing-sze kaja na mfuko wa machungwa na habari: amemwita Sifu Mok, mtaalamu wa fengshui, elimu ya kupanga nyumba ili ivute bahati, aje kuipima nyumba kabla ya mwaka mpya wa Kichina. "Ma, mwaka wa Farasi ni moto mtupu, tusiuingie kichwakichwa." Binti yangu ananifikiria! Pui-ling, mkamwana ninayekaa naye na mwanangu Ka-ho, akabetua midomo. Kwake fengshui ni kufagia na kufungua madirisha. Yule hanipendi, najua. Aliwahi kusema kabati langu la kioo lina mwili mkubwa kuliko marehemu mume wangu.

Jumanne, 3 Februari

Sifu kaja! Mwembamba, viatu vinang'aa, dira yake kubwa kama sinia. Sebuleni hakusema mengi — ufagio usikae mlangoni, maua makavu yatupwe. Lakini chumbani kwangu, lo! Makosa matupu. Kioo kinatazama kitanda. Miguu yangu inaelekea mlangoni, kama maiti anayengoja kutolewa. Na kichwa kimeegemea ukuta wa choo, eti bahati yangu inakwenda na maji kila mtu anapovuta choo.

"Nani alikiweka kitanda hapa?" akauliza.

Alikiweka Wing-sze, nilipovunjika nyonga, ili choo kiwe karibu. Nikamfichia aibu. Ukuta wenyewe mwembamba, nasikia hata mtu akikohoa huko ndani, lakini nimeshauzoea.

Kisha Sifu akanikazia macho. "Wewe ni Panya."

Pui-ling akacheka. "Umekosea, Sifu. Mama alizaliwa mwaka wa Chui Milia, hamsini. Hata kitambulisho kinasema."

"Kitambulisho kinasema kilichoandikwa. Uso huu ni wa Panya."

Niliketi kitandani. Kwa sababu ni kweli! Nilizaliwa arobaini na nane, mwaka wa Panya. Baba alinipunguzia miaka miwili tulipovuka kuja Hong Kong, nipate kupokelewa darasa la kwanza. Watoto wanajua Chui Milia, jirani wanajua Chui Milia. Mtu huyu anaona!

Basi, Panya na Farasi hugongana. Kugeuza kitanda hakutoshi, kasema. Nikilala chini ya paa hili mwaka huu, atakayeumia ni Ka-ho.

Jumatano, 4 Februari

Wing-sze kapiga simu: yapo makao ya wazee Tuen Mun, karibu na kwake, yana bustani. Mwaka mmoja tu, Ma. Nimekubali. Nyumba hii tuliinunua mimi na baba yao kwa kushona nguo za watu, lakini kwa mwanangu ningelala hata kituo cha basi. Ka-ho kainamia bakuli la uji.

Nikauliza, nani atamwashia marehemu udi kila asubuhi? "Nitamwashia mimi," kasema Pui-ling. "Ila ukiondoka, nani atanigombeza chumvi ikizidi?" Kejeli hiyo. Moyoni anashangilia.

Jumamosi, 7 Februari

Nilikuwa nafunga mizigo. Pui-ling kaingia, kaanza kunikunjia masweta, hainui macho.

"Mama, Wing-sze anataka nimpimie chumba hiki. Kama kitanda cha ghorofa kitaingia."

"Cha nani?"

"Chake na Yau. Si wanahamia baada ya sikukuu? Ili Yau aandikishwe shule za mtaa huu." Akaninyanyulia macho. "Nilidhani unajua."

Yau ni mjukuu wangu, mtoto wa Wing-sze. Kazaliwa elfu mbili na ishirini. Panya!

Kumbe Panya mzee ataleta balaa, ila Panya mdogo alale tu, ruksa?

Nilikaa chini. Nani alijua mimi ni Panya? Mume wangu, naye kaburini. Na mmoja tu mwingine. Siku Yau alipozaliwa, nilimnong'oneza mama yake pale kitandani hospitalini: "Panya kama mimi." Tukacheka hadi nesi akatukemea. Ilikuwa siri yetu.

Sifu hakuona chochote usoni mwangu. Aliambiwa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi siku zote nilikuwa namkagua mkamwana! Angeniomba! Angesema tu, Ma, nipishe — ningehamia kwenye kochi la sebuleni kwa vigelegele. Lakini kunitisha kwa uhai wa kaka yake! Nina hasira! Pui-ling aliendelea kukunja, kisha akaanza kukunjua na kurudisha kabatini, moja moja. Sikumkataza.

Jumapili, 8 Februari

Naandika upesi. Wing-sze kaja kunichukua tukayaone makao. Nilimwona kwenye kioo kabla hajajua nimemwona: kasimama mlangoni, anapima dirisha kwa macho.

"Uko tayari, Ma?"

"Tayari. Njoo unifunge koti."

Akainama, vifungo viwili vikafungwa. Nikamuuliza, polepole: "Yau ni mnyama gani vile?"

Vidole vikasimama.

"Mambo gani tena hayo, Ma?"

"Mnyama gani, mwanangu?"

Akasema anakwenda chooni mara moja.

Nimevua koti. Nimeketi mahali pangu, kisogo ukutani. Kafungulia bomba hadi mwisho nisimsikie — kasahau kitanda hiki alikiweka hapa ukutani yeye. Nimetega sikio. Nataka awe analia. Akilia tu, nitakwenda kumgongea, nimwambie yaishe, chumba chukua.

Halii. Anaongea na simu, kwa sauti ya chini.

"Sifu, ameshajua. Sasa nimwambie nini?"