Kija Haingii kwenye Utafiti

Jumatatu, 8 Mei 1995

Wiki ya tatu, sijapata mgonjwa hata mmoja. Utafiti wa malaria kali kwa watoto, hapa Mwanza, ziwa lote hilo mbele yangu — na mbu wamegoma. Mvua zimechelewa. Wafadhili wameuliza kwa faksi kama nimeanza. Nimejibu kwamba maandalizi yanaendelea vizuri. Maandalizi yenyewe: nimepanga glavu kwa saizi. Leo nimezipanga upya.

Alhamisi, 11 Mei

Mvua imenyesha usiku kucha. Nimeamka na furaha, nikapiga mluzi bafuni. Nimenyoa shavu moja ndipo nikatambua ninachofurahia: madimbwi. Mama yangu kule Muleba huwaambia watu kanisani kwamba mwanawe anaokoa watoto. Mwanawe anaomba watoto waugue — wasiugue sana, na wafike saa za kazi.

Jumatano, 17 Mei

Amefika! Kija, miaka mitatu, wamevuka naye kwa feri ya Kamanga. Degedege tangu alfajiri, hajitambui. Bibi yake kambeba mgongoni. Mama yake, Rose, anafuata polepole, mjamzito karibu kujifungua. Nikakimbia koridoni, koti jeupe linapepea. Sista Getruda wa wodi anasema nilikuwa natabasamu. Sikumbuki. Lakini namwamini.

Nikauliza maswali yangu yote. Zahanati ya kwao walishamchoma kwinini kabla hawajapanda feri. Basi. Aliyekwisha kupewa kwinini haingii kwenye utafiti. Kanuni hiyo niliitunga mwenyewe na nikaisifu sana. Nikasema, bahati mbaya. Bibi akaniuliza ni bahati mbaya ya nani. Nikajifanya natafuta kalamu.

Daktari wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji, kwa hiyo nikabaki. Nikaweka dripu ya kwinini, nikampa glukosi, nikamgeuza ubavu. Nisijipambe: nilibaki kwa sababu hapakuwa na mwingine. Lakini daktari wa zamu alipokuja jioni, nilikuwa bado nimekaa pale. Hilo sijui nilielezeje.

Alhamisi, 18 Mei

Degedege imetulia. Kija hajaamka. Viganja vyeupe kama muhogo uliomenywa, anahema kwa nguvu, mbavu zinaingia ndani. Damu imekwisha mwilini, malaria imeila. Anahitaji kuongezewa leo hii.

Hospitalini hakuna hata chupa moja. Rose na mimba ile hawezi kutoa. Bibi alikwisha kukunja mkono wa gauni — kundi halilingani. Baba yuko visiwani kwenye uvuvi wa sangara. Wamemtuma mtu wa boti, atakayefika lini haijulikani.

Mimi ni kundi O, damu ya kumpa yeyote. Nalijua tangu chuo, na nimekuwa nikilitaja kwenye karamu kama mtu anayetaja cheo.

Ila damu lazima ipimwe ukimwi kwanza. Hilo nimelihubiri wilaya nzima, na mabango. Mwenyewe sijawahi kupima. Miaka thelathini na sita, kapera, miaka minne ya Dar es Salaam — sitaandika zaidi, hata humu ndani.

Nikaenda kunawa mikono. Nikanawa muda mrefu, kama ninayekwenda kupasua mtu. Nikawaza kumwomba mtu mwingine. Nikamwona akilini mtu huyo naye ananawa mikono.

Nikaenda maabara. Luhaga, fundi wa maabara, akadhani nimeleta sampuli. Nikamwambia sampuli ni mimi. Hakucheka. Aliponichoma nilifumba macho — mimi ninayewaambia watoto kwamba ni kama kuumwa na sisimizi.

Akaniambia nisubiri nje.

Basi niko nje, kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, naandika ili mikono iwe na kazi. Bibi amekuja kuketi kando yangu. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza, zaidi ya kundi la damu, wananipima nini. Nikamweleza. Sikuwa na Kilatini cha kidaktari cha kujifichia.

Akanigeukia. Halafu:

"Na ukikutwa nao, mwanangu?"

"Tutamtafutia mtoto mtu mwingine, bibi."

"Sikuulizi ya mtoto."

 Akafungua kitambaa, akanipa kipande cha tobolwa, viazi vyao vile vya kuchemsha na kukausha. Akasema tutasubiri wote wawili. Natafuna. Kikavu kama mchanga, na sitaki kiishe.

Sista Getruda amepita sasa hivi. Kija anahema vilevile, miguu imeanza kupoa. Kaniangalia, karudi wodini.

Mlango wa maabara unafunguliwa. Luhaga kasimama na karatasi, anapapasa mfukoni anatafuta miwani. Bibi keshasimama. Nafunga daftari, nasimama kando yake.