Mafundo Tisa Yaliyobaki

Baba yangu,

Barua zote za nyumba hii zilianza kwa kuuliza hali. Ulikaa kwenye kigoda chako ukatamka, nami nikaandika kwa kaka Yohana huko migodini Rodesia, na kila mara uliniuliza, "Umemsalimia vizuri lakini?" Leo sijui nikusalimu vipi. Kusoma hukujua, kwa hiyo hii nitakuja kukusomea mwenyewe pale ulipolala, juu ya shamba la ulezi. Shangazi akiniona atasema nimerukwa na akili. Aseme.

Watoto wa mbwa wako Watasema wamekufa, Baba. Walikuwa watano, amebaki mmoja. Si chui aliyewaua, wala nyani. Ni minyoo, ndani ya ua wako, mbele ya macho yangu mimi uliyenifundisha.

Kifua kilikuchukua wakiwa na siku tano. Nazijua hizo siku kwa sababu ya kamba yako ya katani pale mlangoni mwa jiko. Mbwa akizaa ulifunga mafundo kumi na manne, kila asubuhi ukafungua moja, na la mwisho likifunguka ulishuka joshoni kwa bwana mifugo kuchukua dawa. Ulisema watoto wa mbwa huzaliwa na minyoo tayari, wameipata kwa mama yao, kwa hiyo anayengoja waugue amechelewa. Siku tuliyokuzika niliitazama ile kamba. Yalibaki mafundo tisa.

Sikufungua hata moja. Shangazi, dada yako mkubwa, unamjua alivyo, alisimama katikati ya ua akatangaza: kitu cha marehemu hakiguswi, ua haufagiliwi, majivu hayazolewi, mpaka matanga yaanuliwe. Na matanga hayaanuliwi bila mtoto wa kwanza kunyolewa nywele, na mtoto wako wa kwanza yuko Rodesia. Tukamngoja. Wiki ya pili ikapita, ya nne ikapita. Kaka hakuja.

"Ukifagia, Eliza, unamfukuza baba yako," aliniambia.

Neno hilo ndilo lililonishika, Baba. Maana kufagia ilikuwa kazi yako. Tangu mama afariki hukumwachia mtu ufagio, na wanaume wenzako walicheka kilabuni mpaka pombe ikawapalia. Ukawajibu, "Ninyi mna heshima, mimi nina mbwa wazima." Kabla ya jua kuchomoza ulikuwa umezoa mavi yote ya mbwa kwa lile jembe bovu, umeyafukia kwenye shimo lako mbali na bustani. Nyasi walizolalia ulizichoma. Utumbo wa mbuzi ulichemshwa kwanza ndipo wakapewa. Nasi watoto, kabla ya kugusa ugali, tulisugua mikono kwa majivu na maji ya moto, kwa sababu ulisema minyoo ya mbwa haibagui.

Kwenye matanga yako yote hayo yalikwenda kinyume. Waombolezaji walichinja, wakatupa utumbo mbichi nyuma ya jiko. Mavi yalikaa palepale, mvua ikayasambaza, watoto wa mbwa wakabingirika humo wiki nzima na wiki nyingine. Matumbo yao yakawa ya duara. Watu wakafurahi, wakasema mzee ameacha neema, tazama vitambi hivi! Nilimwinua mmoja nikapitisha vidole mgongoni. Mifupa mitupu. Nilijua, Baba. Nakuandikia neno hili mara ya pili usije ukanitetea huko uliko: nilijua.

Kwa nini basi sikufanya kitu?

Kila alfajiri nilisikia ufagio wako. Si ndoto, nilikuwa macho. Shaa, shaa, kutoka kwenye banda la mbwa kuja mlangoni, na pale kwenye jiwe ulipozoea kupumzika, kimya kidogo, kisha tena shaa, shaa. Nilipofungua mlango, majani na uchafu vilikuwa vimelala kama jana. Lakini Watasema alikuwa amesimama, masikio yamesimama, anatikisa mkia akiangalia mahali pasipo na mtu. Niliogopa. Na kila usiku nililala nikiomba kesho nisikie tena.

Kwa hiyo wa kwanza alipokufa nilimzika nyuma ya migomba nikanyamaza. Wa pili na wa tatu vilevile. Wa nne alifia mapajani mwangu. Alitapika minyoo mirefu myeupe, bado inajikunja kwenye kanga yangu, halafu akanyoosha miguu. Watasema alikuja akamnusa. Kisha alinitazama. Sikuweza kumtazama.

Kulipokucha nilisikia ufagio, nikalia kitandani mpaka ukafika kwenye jiwe. Ndipo nikatoka nikachukua ufagio wenyewe nyuma ya jiko. Nikafagia ua wote, mbele ya Shangazi, mbele ya waliolala matangani. Nikazoa, nikafukia, nikachoma nyasi za banda. Shangazi alipiga yowe kama msiba mpya umeingia. Alifunga mzigo wake siku ileile, akasema likitokea la kutokea asiulizwe yeye. Nilimfunga yule mmoja aliyebaki ndani ya kanga, Watasema akanifuata, tukashuka joshoni.

Bwana mifugo alimtambua mbwa kabla ya kunitambua mimi. "Dawa ya mzee wa kamba nilimwekea," akasema. "Nilimngoja siku ile. Mbona hakuja?" Akaona nywele zangu za msiba, zisizochanwa, akavua kofia.

Tulimpima mtoto kwenye mizani ya kahawa, maana dawa hutolewa kwa uzito na kuzidisha kunaua. Mama yake naye alipewa, la sivyo tungekuwa tunajaza maji kwenye gunia. Akanikumbusha ulichokuwa ukisema: mara moja haitoshi, nirudi baada ya siku kumi na nne, na tena, mpaka mtoto afike miezi mitatu. Jioni ile mtoto alitoa minyoo mingi, sikuihesabu. Kesho yake alinyonya, akalala, akaamka akaning'ata kidole. Nilicheka, Baba. Nilijishangaa.

Lakini alfajiri ile ufagio haukusikika. Watasema aliinua kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu, akakiweka chini. Haujasikika tena tangu siku hiyo. Shangazi alisema kweli, nimekufukuza. Au ulikuwa unangoja mtu akupokee ufagio. Sijui, na hakuna wa kuniambia.

Kaka Yohana amefika juzi. Alishuka lori Tunduma, akamalizia milima kwa miguu, akafika kabla hakujapambazuka vizuri. Nilikuwa uani na ufagio nikamsikia mtu analia nje ya wigo. Nikatoka. Alinitazama, akatazama ufagio mkononi mwangu, akaketi chini na mizigo yake mgongoni.

"Niliusikia toka kule bondeni," akasema. "Nikasema barua ya msiba ilikuwa ya uongo. Nimekuja mbio."

Kesho ananyolewa, matanga yanaanuliwa. Mtoto wa Watasema bado hana jina, majina yalikuwa kazi yako, nami sijathubutu. Ile kamba nimeifungua mafundo yako tisa, moja moja, nikafunga kumi na manne yangu. Leo yamebaki matatu. Yakiisha nitashuka joshoni, na kila Watasema akizaa nitafunga mengine.

Kwaheri, Baba. Usiamke mapema. Ua nitaufagia mimi.

Mwanao,
Eliza