Ulisema Nimwite Mkwe Wako

Mwaitu, mama yangu,

Nakuandikia kwa sababu kusema kwa mdomo nimeshindwa. Unajua niliishia darasa la tatu, utanivumilia.

Mjukuu wako Mwende ameanza shule. Mbaazi zako nilivuna, nikashindwa kuzila.

Daktari alitueleza. Ile saruji waliyokudunga kwa sindano, kushikilia mfupa wa mgongo uliovunjika siku ulipoinua mtungi, kidogo ilitoroka ikaingia kwa mshipa wa damu, ikafika mapafuni. Akasema si kawaida, lakini hutokea, na tungekuja mapema wangejaribu kukusaidia. Niliangalia viatu vyangu.

Maana alikuwa ametuonya. Siku ya kutoka hospitali ulikuwa unacheka, "Sasa mimi ni nyumba ya mawe," na yeye akasema pumzi ikikatika tukurudishe saa hiyo hiyo, tusingoje mtu.

Siku ya tatu asubuhi pumzi ikakatika. Ulikuwa kwa kile chumba cha nje tulichokupa hapa Mumbuni ndio usikutane na mkwe wako. Baba Mwende alikuwa ameshawasha pikapu. Akaniambia polepole, "Mama Mwende, kamuulize kama naweza kumbeba. Nitaangalia kando."

Nikaingia nikakuuliza. Ukasema, "Mwite."

Mwaitu, ulikuwa umevaa ile gauni ya hospitali peke yake, mgongo wote wazi. Kwetu mkwe hata mkono hampi mama wa bibi yake. Nikafikiria vile watu watasema. Nikatoka nikamwambia, "Amekataa. Tungoje Musyoka."

Musyoka, ndugu yangu, alifika kutoka Wamunyu saa sita. Alikubeba mbio, lakini hukufika hospitali.

Kwa mazishi wamama walikusifu, eti uliheshimu mila mpaka mwisho. Musyoka bado anasema ni ukaidi wako ulikuua, na mimi nanyamaza. Lakini juzi Baba Mwende aliacha kula akaniuliza, "Kwani mama alinichukia hivyo? Hata akifa hakutaka mkono wangu?" Nikasema chai imechemka, nikaenda jikoni. Hakukuwa na chai kwa moto.

Leo akirudi kazini nitamwambia ulimwita. Nitamwambia akiwa bado mlangoni, kabla sijapata kazi ya kujifichia. Kesho nitaenda kwa Musyoka.

Pumzika, mwaitu. Msamaha sikuombi sasa. Wacha kwanza niseme.

Ni mimi mtoto wako,
Kalekye