Waya Chini ya Gari la Mama Zaina

Jumanne, 9 Juni
Basi nikarudi tena dirishani. Bado halijachomekwa. Gari la jirani yangu Mama Zaina, kaletewa na mwanawe wa Dar. Wanaliita haibridi, lina betri kubwa chini ya kiti. Betri lazima ichajiwe, hata simu yangu inajua hilo. Sasa anachajia wapi? Wivu ninao, humu sidanganyi. Miaka yote hapa Kwamndolwa bibi harusi anabebwa na gari letu, na mimi nakaa mbele. Jumamosi Rehema anapelekwa kwa mume Handeni. Mama yake kaanza kusema la Mama Zaina linang'aa.

Jumatano, 10 Juni
Nimeiona waya. Imetoka dirishani kwake, ikapita chini ya gari. Nikaenda na mwiko mkononi mpaka kwa mama Rehema. Nikamwambia, "Dada, lile linachomekwa kama simu. Likizima huko porini utachomeka kwenye mkonge?" Kacheka mpaka kakaa chini. Letu ndilo limechaguliwa. Chakula leo kimeshuka vizuri.

Alhamisi, 11 Juni
Waya ilikuwa ya pasi. Mama Zaina alikuwa upande wa pili, barazani, ananyoosha vitenge vya harusi. Nikamuuliza mume wangu. Kasema lile halichomekwi. Linakula petroli, linajichaji lenyewe likitembea na ukikanyaga breki. Yapo ya kuchomeka, ila siyo lile. Kumbe anajua siku zote. Mbona hukusema? "Hukuniuliza, ulikuwa unatangaza."
Sijarudi kwa mama Rehema. Mguu mzito.

Jumamosi, 13 Juni
Nilikaa mbele. Kitenge kipya. Mama Zaina kabaki nyumbani. Roho kwatu.
Handeni tukafungua milango, muziki wa gari, injini imezimwa, tangu saa nne mpaka saa tisa. Nimecheza mimi. Kuondoka, gari kimya. Betri imekwisha. Fundi kaichomoa, kaibeba kwenda kuichomeka kwake ukutani. Mpaka kesho, kasema.
Betri yetu. Ukutani.
Mama Rehema kaniangalia mimi, kisha shimo la betri. Afadhali angenitukana. Kampigia simu Mama Zaina. Kaja kutoka Kwamndolwa, hajachomeka popote. Kanifungulia mlango wa mbele. "Mama Salimu, kaa hapa, magoti yako yale." Wenzangu wanne nyuma wanacheka chinichini njia nzima.

Jumapili, 14 Juni
Mume kalala Handeni na gari lake. Mama Zaina kajitolea kumfuata, betri isije ikagoma tena, mimi nimsindikize. Nimefunga maandazi kwenye kitambaa. Sijui kama ameshaambiwa nani alitangaza ile waya. Labda anajua, na bado kanikalisha mbele. Hilo linaniuma. Wivu upo bado, kiti chake laini. Leo tutakuwa wawili tu. Nitamwambia kabla hatujafika. Kwa mama Rehema nitakwenda kesho.
Lile gari halina mlio, hujui limefika mpaka mwenyewe aite.
Anaita.