Maneno ya Ubaoni Cheyo

Jumanne, Tabora

Bado simwamini yule mwalimu wa Kihispania wa mtaa wa Cheyo. Zawadi, binti wa dada yangu, anasema mwalimu huyo atawapeleka yeye na wenzake Hispania kusomea uuguzi.

Leo nimekaa darasani kwake. Kufundisha anajua. Wasichana hugawa neno, kila silabi kofi moja, na penye mkazo hupiga mguu chini. La-var. Plan-char. O-be-de-cer. Kila mara mguu unatangulia, kwa mazoea ya Kiswahili ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, naye mwalimu anawarudisha.

"Mwishoni, jamani! Mnakimbilia wapi?"

Wakacheka. Nikamuuliza sindano inaitwaje.

"Hayo watayakuta huko huko, kaka."

Nilipofika nyumbani nilitafuta maana ya maneno ya ubaoni. Kufua. Kupiga pasi. Kutii. La kumhusu mgonjwa, hakuna hata moja.

Jioni Zawadi alikuja, nikamwambia.

"Na ca-llar, mjomba? Hilo tunalirudia kila siku."

"Kunyamaza."

Hakulia. Alisema tu kwamba pasipoti yake anayo mwalimu, na za wenzake pia.

Kesho asubuhi tunazifuata. Nitakwenda na kamera, ushahidi uwepo.